Barua kwa kocha: jinsi mbio zilivyowafikisha vijana wetu vyuo vya Marekani

Aprili 8, 1978, mjini Berkeley, California, mwanafunzi kutoka Nandi alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Hakuna aliyewahi kuzikimbia upesi kiasi hicho. Mwezi uliofuata akavunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Juni akaivunja ya mita 10,000 mjini Vienna, na kabla Juni haijaisha akaichukua ya mita 3,000 mjini Oslo. Rekodi nne katika siku 81. Henry Rono alikuwa akisomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, huko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Karo, chakula na kitanda cha bweni alivilipia kwa miguu.

Watu wakimtaja Rono husimulia rekodi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni namna kijana wa kwao alivyopata nafasi chuoni nchi ya mbali, tena katika miaka ambayo barua ilichukua majuma kufika na Nairobi kwenyewe kulikuwa safari.

Waliotangulia walipita kwa cheti. Septemba 1959, ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda New York. Tom Mboya alikuwa amezunguka Marekani akiwaombea nafasi vyuoni, na watu wenye majina makubwa kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuchangisha nauli. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyepelekwa kusoma Atchison, Kansas. Kilichotakiwa kilikuwa wazi: matokeo mazuri ya mtihani, barua ya kukubaliwa na chuo, na fedha za kujikimu. Mbio hazikuwa sehemu ya mazungumzo. Stephen Machooka, Mkenya aliyesoma Cornell mapema miaka ya 1960, aliwashangaza wenyeji katika mbio za nyika, lakini vyuo vingine havikukimbilia Kenya kwa sababu yake.

Olimpiki za Mexico 1968 ndizo zilizobadili mambo. Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda viunzi na maji, na Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun mbali katika mita 1,500. Ryun alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas na ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Makocha wa vyuo walioketi mbele ya televisheni siku hiyo walijua wanachokiona.

Mmoja aliyekuwa na uhusiano na Afrika tayari ni LeRoy Walker, kocha Mmarekani Mweusi wa chuo cha North Carolina Central kilichoko Durham, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu Weusi. Julius Sang na Robert Ouko walisoma kwake. Katika Olimpiki za Munich mwaka 1972 wote wawili walikuwamo kwenye kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti, pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau, na Sang akaongeza shaba ya mita 400. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 katika michezo hiyohiyo. Naye akaenda kusoma Eastern New Mexico, na tutakutana naye tena.

Baada ya Munich njia ikawa pana. Pullman kulikuwa na kocha John Chaplin. Alianza na John Ngeno, akafuata Samson Kimombwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki Juni 1977, kisha Rono. Kule El Paso, Texas, kwenye joto la jangwani karibu na mpaka wa Mexico, Ted Banks alijenga kikosi chake cha Chuo Kikuu cha Texas mjini humo, UTEP, kwa Wakenya na Watanzania. Alikuwapo Michael Musyoki. Alikuwapo Suleiman Nyambui wa Majita, mkoani Mara, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki za Moscow mwaka 1980. Alikuwapo pia Gidamis Shahanga, ambaye tayari alikuwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola tangu Edmonton, 1978.

Kwa nini kocha wa Texas ahangaike kumtafuta kijana wa Musoma? Jibu limo katika namna mbio za nyika za vyuo zinavyohesabiwa. Timu hupewa alama kwa nafasi za wakimbiaji wake watano wa kwanza. Anayemaliza wa kwanza ana alama moja, wa kumi ana kumi. Zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Ukishika nafasi tano za mwanzo unapata 15, na hapo hakuna wa kukushinda. Mwaka 1981 UTEP walipata 17 katika fainali ya nchi nzima. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani unahitaji kikosi cha makumi ya vijana na uwanja wa mamilioni. Katika mbio za nyika vijana watano hodari wanatosha kukileta kikombe kwenye chuo ambacho Wamarekani wengi hawakijui kilipo.

Maombi yenyewe hayakufanana na maombi ya mwanafunzi wa kawaida. Mwenye cheti aliiandikia ofisi ya udahili. Mkimbiaji alimwandikia kocha, au mara nyingi zaidi aliandikiwa na mwenzake aliyekwisha kufika, mtu wa kwao au waliyesoma naye. Ndani ya bahasha mlikuwa na jina la shule, umbali anaoukimbia na muda wake bora. Muda huo ndio uliompa kocha kazi. Umepimwa kwa saa ya mkononi, kwenye uwanja wa nyasi au murramu, mahali palipo mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na mbio ndefu huwa nzito. Dakika 14 na nusu za Eldoret si dakika 14 na nusu za Los Angeles. Kocha asiyejua hilo aliitupa barua. Aliyejua aliipigia hesabu kichwani, kisha akamuuliza Mkenya aliyekuwa naye kikosini: huyu unamfahamu? Neno la yule mwanafunzi lilikuwa na uzito kuliko karatasi yoyote. Baada ya hapo ndipo vilipofuata cheti cha sekondari, mtihani wa Kiingereza, viza na nauli, ambayo aghalabu nyumbani ilipatikana kwa harambee.

Utaratibu huo uliwapa nafasi watu ambao ofisi ya udahili isingewatazama mara mbili. Pia uliwaweka mikononi mwa mtu mmoja. Ufadhili ulitoka kwa kocha na kuendelea kwake kulimtegemea kocha, na kocha aliajiriwa alete ushindi. Aliyepata kocha mwenye kujali darasa alirudi na shahada. Aliyepata mwenye kujali Jumamosi tu alikimbizwa nyika majira ya kupukutika kwa majani, ndani ya ukumbi majira ya theluji na uwanjani kipindi cha joto, mwaka hadi mwaka, na vitabu vikasubiri. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuihukumia historia hii, kuliko kwenye medali.

Rono alilionja hilo. Miezi michache tu baada ya zile rekodi nne, alimaliza wa 237 katika fainali ya mbio za nyika za vyuo, zile alizozishinda mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1979 akarudi na kushinda tena. Olimpiki hakukimbia hata mara moja, kwa kuwa Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Baadaye alieleza mwenyewe, bila kuficha, jinsi pombe ilivyomtesa kwa miaka mingi. Alifariki Februari 2024.

Wamarekani nao walilalamika. Makocha walioshindwa walisema kwamba wageni ni watu wazima wanaoshindana na vijana wa miaka 18, na kwamba wanachukua ufadhili wa watoto wa wenyeji. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaweka kanuni ya kumpunguzia mgeni miaka ya kushindana ikiwa alikwisha kushiriki mashindano kwao. Chuo Kikuu cha Howard kikaenda mahakamani, na kanuni iliyowalenga wageni peke yao ikaanguka katikati ya miaka ya 1970. NCAA kikaja na nyingine inayomhusu kila mtu: ukishindana baada ya umri fulani kabla ya kuingia chuo, miaka yako inakatwa. Kwa maneno ilikuwa sawa kwa wote. Mzigo ulimwangukia nani zaidi, kila aliyesoma Kenya miaka ile anajua: kijana aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka minane au tisa, akakosa karo mwaka mmoja, akarudia darasa mwaka mwingine, alimaliza kidato cha nne saa yake ikiwa imeshaanza kuhesabu.

Kwa hiyo makocha wakageukia shule za sekondari. Iten, ukingoni mwa Bonde la Ufa, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwa mlezi wa wakimbiaji. Ibrahim Hussein alipita shule hiyo, akasomea uchumi Chuo Kikuu cha New Mexico, kisha akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, 1987, na ya Boston, 1988. Peter Rono alitoka hapohapo kwenda Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland, akashinda mita 1,500 za Olimpiki Seoul mwaka 1988 akiwa bado mwanafunzi. Seoul hiyohiyo, Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia alichukua mita 800. Ereng baadaye alikwenda El Paso, UTEP, safari hii akiwa kocha.

Wasichana walichelewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyovibana vyuo vitoe nafasi sawa kwa wanawake ilichukua muda kugeuka kuwa ufadhili, na huku kwetu msichana mwenye mbio aliolewa kabla barua haijaandikwa. Walipofika walifidia. Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech, akakusanya mataji tisa ya NCAA, kisha akapata fedha ya mita 10,000 London mwaka 2012.

Mike Boit, yule wa Munich, aliendelea na masomo hadi Stanford na shahada ya uzamivu, akarudi kuwa kamishna wa michezo na profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004, yeye na mwandishi wa Marekani John Manners walianzisha mpango wa KenSAP, ambao uliigeuza ile barua juu chini. Walitafuta kwanza vijana waliong'ara katika mtihani wa kidato cha nne, Kiingereza chao na hesabu zao zikapimwa, halafu wakapelekwa uwanjani kukimbia mita 1,500. Wengi hawakuwa wanamichezo. Walikuwa watoto wa vitabu, kwenye vumbi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Aliyeonyesha dalili, jina lake lilipelekwa kwa kocha. Walilenga vyuo kama Harvard, Yale na Princeton, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo kabisa: vinatoa msaada kwa kipimo cha umaskini wa familia. Mkimbiaji wa Yale akivunjika mguu kesho, karo yake haiguswi. Wazee wa Pullman hawakuwahi kuwa na hakika hiyo.

Siku hizi barua ni ujumbe wa WhatsApp na video ya dakika mbili. Kocha wa Alabama anaweza kumwona msichana wa Iten kabla mwalimu wake wa darasa hajajua kuwa anakimbia. Doris Lemngole wa Alabama alishinda viunzi na maji vya NCAA mwaka 2024 na 2025. Madalali nao wameongezeka, na Eldoret inakumbuka vizuri mwaka 2023, wazazi walipoandamana wakidai fedha walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao Finland.

Juni 2025 jaji wa California aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Mwanafunzi wa kigeni, hata hivyo, huishi Marekani kwa viza ya F-1, ambayo inambana sana katika suala la kulipwa kwa kazi. Hivyo katika kikosi kimoja Mmarekani anaweza kuwekewa fedha benki, na Mkenya aliyemtangulia kwenye utepe akawa bado anamtafuta mwanasheria wa uhamiaji.