Taa za Jioni: Kariakoo Ilivyosoma, na Kwa Nini Ilisoma



Katika mkutano mkuu wa mwaka jana mzee wetu mmoja alisimama na fimbo yake akauliza, "Zamani watoto wa mitaa hii walikuwa wanasoma. Siku hizi wamepatwa na nini?" Ukumbi ulicheka kidogo, kisha kila mtu akawa na jibu. Simu. Walimu. Akina mama wanaoshinda dukani. Biashara ya China na Dubai. Wengine walitaka chama kitoe zawadi kubwa kwa mtoto atakayeongoza darasa la saba, pikipiki au hata kiwanja. Wengine walisema hapana, tununue vitabu kama kila mwaka. Mwenyekiti akaona jua linazama, akatutupia swali sisi wa upande wa fedha, kwa kuwa ndio tunaosaini hundi.

Mhasibu akiulizwa swali asilolijua hufungua vitabu vya nyuma. Nasi tumefanya hivyo.

Kariakoo ilianza kama mahali pa mizigo. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ulimi wa watu ukalifanya jina kuwa letu. Baadaye serikali iligawa mji kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Mwafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Shule nazo ziligawanywa hivyo hivyo. Azania na Tambaza, ambazo leo kila mtu anazihesabu zake, hazikujengwa kwa ajili yetu. Mtoto wa Kiafrika aliyetaka kupanda juu zaidi alipanda kwanza treni kwenda Tabora, ilikofunguliwa shule ya serikali mwaka 1925.

Hata hivyo watu walisoma. Kati ya 1922 na 1926 kijana kutoka Tanga alikuwa mwanafunzi hapa hapa Msimbazi. Wanafunzi 11 walipata cheti, naye akashika nafasi ya pili. Jina lake Shaaban Robert. Alipotoka hapo akaajiriwa karani wa forodha, na vitabu tunavyomjua navyo alianza kuviandika akiwa mtumishi wa serikali mwenye dawati na saa za kazi. Huwa tunajiuliza aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa nani. Nafasi ya darasani haikutuambia ni nani angebaki katika kumbukumbu, na wale wa pikipiki wangelitafakari hilo kidogo.

Kilichowasukuma watu wa wakati ule hakikuwa siri. Ukarani ulionekana. Mtu alipita Mtaa wa Msimbazi asubuhi amevaa kanzu safi au suruali iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni, na mtoto aliyekaa kibarazani aliona kwa macho yake kusoma kunampeleka mtu wapi. Karani wa reli Kleist Sykes alikuwa mmoja wa watu hao. Mwaka 1924 Dk. James Aggrey wa Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo, alifika Tanganyika na tume iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika. Sykes alikutana naye, na mazungumzo yale hayakumtoka kichwani. Mwaka 1929 yeye na wenzake wakaunda African Association. Mnamo 1933 akawa miongoni mwa walioanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyojenga shule kwa michango ya watu wa mitaa hii, na humo watoto walisoma dini pamoja na masomo ya kisasa. Hatukuikuta popote habari ya mfadhili kutoka nje. Walichangishana, kama sisi tunavyofanya leo kwa kitabu hiki unachokishika.

Dk. Aggrey amebakia kwetu kama jina la mtaa. Nenda leo Aggrey na Likoma utafute kava la simu, uwaulize vijana kumi Aggrey alikuwa nani. Sisi tuliwauliza wanne. Mmoja alisema ni Mhindi aliyekuwa na duka hapo.

Erika Fiah naye asisahaulike. Alikuwa Mganda, mwenye duka dogo, na mwaka 1937 alianza kuchapa gazeti la Kwetu, linalohesabiwa kuwa la kwanza nchini kumilikiwa na Mwafrika. Muuza duka aliyekuwa na gazeti! Katika Kariakoo ile kaunta na karatasi vilikaa meza moja. Hata soko lenyewe, miaka ya 1950, msimamizi wake alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, na mwalimu wa Pugu aliyeitwa Julius Nyerere alimfuata humo kuzungumza siasa. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 katika ofisi ya New Street, mtaa unaoitwa Lumumba leo, hatua chache kutoka sokoni.

Mwaka mmoja katika historia hii tungependa kila mzazi wa Kariakoo aukariri. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifungua milango. Hakikufunguliwa Mlimani, kwa maana Mlimani palikuwa bado pori. Kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka hiyo mitatu muuza maji wa Mnazi Mmoja alipishana barabarani na mwanafunzi wa chuo kikuu kila siku. Tena mwaka 1965 Chuo cha Elimu ya Biashara kikafunguliwa hapo jirani, na Desemba 9, 1967 ikafunguliwa Maktaba Kuu ya Taifa. Barabara yenye maktaba hiyo leo inaitwa kwa jina la Bibi Titi Mohamed, binti wa mji huu aliyeishia darasa la nne na akaweza kuwasimamisha maelfu ya wanawake kwa sauti yake.

Kisha ikaja ngumbaru. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa shuleni, sokoni, hata uani. Kaka zetu wakubwa wanakumbuka kuwaona mama zao wakifunga daftari ndani ya khanga na kutoka saa kumi jioni. Mama wa mmoja wetu aliuza maandazi. Alijifunza kuandika jina lake, kisha kuandika nani anadaiwa andazi ngapi, na tangu siku hiyo hapakuwa na mdeni aliyeweza kumzungusha. Mwanawe anasema hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia maneno yenye nguvu kuliko kumwona mama anatoa ulimi nje huku akihangaika na herufi "k" chini ya taa ya chemli.

Hapo ndipo tunapoweka kidole chetu. Mtoto wa Kariakoo alisoma kwa sababu aliwaona watu wazima wanasoma, jioni, karibu naye, na akaona faida yake kabla ya mwezi kwisha.

Sasa kizazi chetu. Tulianza shule miaka ya 1980, ada ya msingi ilikuwa imefutwa tangu 1973 lakini mchango wa UPE ulidaiwa kwa bakora. Madarasa yalijaa, tukasoma kwa mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana. Nyumba zetu zilikuwa zile za vyumba sita, kila chumba familia, na pa kusomea palikuwa kibarazani tu. Umeme ulipoingia kwenye mgao miaka ya 1990 tukarudi kwenye koroboi. Waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali walikuwa wachache mno. Waliobaki walikwenda tuisheni Mchikichini, wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama dirishani wakinakili ubao kwa nje bila kulipa. Jumamosi tulipanga foleni Maktaba Kuu kabla haijafunguliwa, ukichelewa unakosa kiti. Mzee mmoja muuza vitunguu wa shimoni, asiye na mtoto wala mjukuu shuleni, alituruhusu kukaa juu ya magunia yake baada ya saa za kazi kwa sharti moja: tumsomee gazeti, na tusiruke ukurasa wa michezo. Alikuwa Yanga damu. Simba ikifunga alitufukuza.

Jengo lile la soko, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea usanifu Israeli. Tulicheza chini ya mapaa yale makubwa miaka yote hiyo na hakuna aliyetuambia. Tulilijua jina lake tukiwa watu wazima, baada ya moto wa Julai 2021.

Tuseme ukweli wa kihasibu hapa. Wanaosimulia kwamba "zamani tulisoma" ni waliofaulu. Waliokwama hawaandiki kwenye kijarida cha chama. Katika darasa letu la saba tulikuwa wengi kuliko madawati, na tukijihesabu leo, tuliofika chuo hatujazi meza moja ya harusi. Mzee wetu wa mwaka jana ana haki ya kusikitika, ila asidhani kwamba mitaa yote ilikuwa ya wasomi.

Kilichobadilika tunakiona. Nyumba za vyumba sita zimekuwa maghorofa ya maduka na stoo, na familia zimehama pamoja na vibaraza vyao. Watoto wa shule zetu wengi sasa wanakuja kwa daladala au mwendokasi kutoka mbali. Na mtoto anachokiona ni kaka yake aliyeishia kidato cha pili, ana kizimba Mtaa wa Kongo, anaongea na Guangzhou kwa simu usiku, na amemjengea mama yao nyumba Chanika. Mwenye digrii anamjua pia: anapanga chumba na anaomba kazi. Mtoto huyu si mvivu wala mjinga. Anapiga hesabu kwa alichonacho machoni. Tukimpa pikipiki kwa kuongoza mtihani tutakuwa tumemthibitishia kwamba kusoma ni njia ndefu ya kupata pikipiki.

Ada imeondolewa, ya msingi tangu 2001 na ya sekondari hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Hilo limefungua mlango kwa wengi. Lakini tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipopata sifuri na nchi nzima ikashika kichwa. Kuingia darasani kumoja, kujifunza kwingine.

Na vitabu? Hapa inabidi tujikosoe. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na watafiti, walifanya jaribio katika shule za msingi 350 nchini. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Hisabati na Kiingereza. Nyingine zilipewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama hata kidogo. Ziliposhikana ruzuku na malipo ya walimu, watoto walijifunza zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba fedha zilipoingia shuleni, wazazi walipunguza za kwao.

Tuliposoma hayo tulikumbuka kabati moja. Miaka iliyopita chama chetu kilinunua vitabu kwa shule moja ya hapa, tukapiga picha, tukatoa makofi. Miaka miwili baadaye tulivikuta vimefungwa na kufuli, plastiki yake haijatobolewa, kwa hofu kwamba watoto watavichafua. Kwenye hesabu zetu vile vitabu vilionekana "vimetumika". Kosa lile ni letu pia, maana hatukurudi kuuliza.

Kwa hiyo upande wa fedha umependekeza, na kamati imekubali kwa kura, si kwa kauli moja. Mwaka huu hatununui pikipiki na hatununui shehena ya vitabu. Tunafungua chumba kimoja cha kusomea, saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, katika ukumbi tuliopewa na mwanachama mwenye ghorofa. Michango italipia taa, meza, vitabu vichache visivyo na kufuli, na posho ya walimu wawili, itakayolipwa kwa mahudhurio na maendeleo ya watoto. Hesabu zake zitabandikwa mlangoni kila mwezi.

Jambo moja zaidi, na wapo waliotupinga: Jumanne chumba kitakuwa cha watu wazima pia. Muuza mitumba anayetaka kujifunza leja aje, mama lishe anayetaka kuelewa mashine ya EFD aje, kijana wa Mtaa wa Kongo anayetaka Kichina au Kiingereza cha barua aje, na wakae meza moja na watoto. Sisi wahasibu tutafundisha leja bila malipo, kwa zamu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Upande wa kushoto andika kiasi. Upande wa kulia andika Jumanne zipi unaweza kuja. Asiye na fedha mwaka huu ajaze upande wa kulia tu, tutamhesabu kuwa amelipa.