Kutoka Kiungani hadi Stashahada: Masasi na Newala katika Historia ya Kujifunza Uandishi wa Habari

Wanaosimulia historia ya mafunzo ya uandishi wa habari nchini hupenda kuanzia mwaka 1975, Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilipofunguliwa Dar es Salaam. Wachache hurudi nyuma hadi Nyegezi, Mwanza, ambako Kanisa Katoliki lilikuwa likiwafunza waandishi tangu miaka ya 1960. Kwa watu wa Masasi na Newala, hesabu hiyo inaanza kwa kuchelewa takribani karne nzima.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishukia Lindi, wakatembea hadi Masasi, na baadhi yao wakalowea hapo. Steere anakumbukwa kwa tafsiri zake za Biblia na vitabu vyake vya Kiswahili, lakini alikuwa pia mtu wa kiwanda cha uchapaji. Misheni ilikuwa na mtambo wake Unguja, na waliousukuma ni vijana wale wale waliotolewa katika majahazi ya watumwa: walipanga herufi za risasi moja moja, wakapaka wino, wakakausha karatasi, wakasahihisha makosa. Shule yao ilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Mwaka 1887 A. C. Madan, mmoja wa wamisionari, alichapisha kwa Kiingereza kitabu cha masimulizi ya wanafunzi hao: walikotoka, namna walivyokamatwa, njia walizopitishwa. Miongoni mwao walikuwemo Wayao na Wamakua, watu wa pande zetu hizi. Ukitaka kujua kijana wa kusini aliandika ripoti yake ya kwanza lini, tafuta humo.

Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ilitoa *Msimulizi*, gazeti la kwanza la Kiswahili. Liliendeshwa na wanafunzi, na lilitegemea barua za wenzao waliokwisha kumaliza na kupelekwa vituoni: Bonde, Nyasa, Masasi, Newala. Mwalimu wa kituo aliandika nani amefika, nani ameoa, nani amefariki, watoto wangapi shuleni, mvua imenyesha au imekataa. Barua ilishuka kwa miguu hadi pwani, ikapanda jahazi, ikafika kwa wapanga herufi. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa wilayani, na imebadilika kidogo sana tangu wakati huo. Tusilipambe gazeti hilo kupita kiasi, hata hivyo. Lilikuwa la misheni, na mtu hakutazamia kusoma ndani yake kwamba padri fulani ni mkali au kwamba wazee wa kijiji wamemkatalia kiwanja.

Na habari hazikukosekana. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, walikuwa wameivamia Masasi na kuwachukua watu, na misheni ikahamishia nguvu zake Newala kwa chifu Matola. Kisha akaja Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomea Kiungani. Alifanya kazi Chitangali tangu 1886, na mwaka 1890 akapewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA. Kumbukumbu za misheni hiyo sasa ziko Oxford, na barua za Majaliwa zimewafaa sana wanahistoria. Mwanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Mnyambe au Kitangari angefaidika zaidi kuzisoma hizo kuliko mifano ya magazeti ya ng'ambo anayopewa darasani.

Magazeti ya Wajerumani na Waingereza nayapita upesi. *Kiongozi* la Tanga na *Mambo Leo*, lililoanza 1923, yalikuwa ya serikali, na yaliendelea na mtindo ule ule wa kungoja barua kutoka bara. Mtu wa kusimama naye ni Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alisoma Lupaso, Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha Makerere, alikohitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya TANU, *The Nationalist* na *Uhuru*. Mwaka 1972 alihamia *Daily News*, na 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Shahada yake haikuwa ya uandishi wa habari. Kizazi chake kilijifunza kwenye meza ya uhariri, habari ikirudishwa imejaa wino mwekundu.

Mkapa alikuwa Ikulu, akiwa Rais, mwaka 2003, chuo kile cha 1975 kilipowekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyegezi nayo ilikuwa imekwisha kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mwaka 1998. Vyuo binafsi vikaota mijini. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake zikaifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Waliokuwa kazini wakapewa muda wa kurudi darasani, na mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ikaanza kutoa vitambulisho.

Sipingi elimu. Maadili, sheria ya kashfa, namna ya kuhakiki picha: hayo hayaokotwi njiani. Lakini korespondenti wa Newala anayelipwa kwa stori moja moja hawezi kwa urahisi kuiacha familia miaka miwili akakae Dar es Salaam au Mwanza. Na stori yake kubwa ya mwaka, korosho, haifundishiki akiwa mbali na ghala. Lazima ajue mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara 2007, mnada unavyoendeshwa, makato anayokatwa mkulima kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), na mlanguzi wa kangomba anavyonunua korosho kwa bakuli kabla ya msimu. Novemba 2018 Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzisomba, aliyeelewa mambo hayo ndiye aliyeweza kueleza kwa nini mkulima mmoja kalipwa ilhali jirani yake bado anahakikiwa.

Redio za jamii za Mtwara na Masasi zinawachukua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, lakini wengi bado wanagombania nafasi katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam. Wakuu wa vyuo, waleteni huku msimu wa minada, Oktoba hadi Desemba, wakae vijijini na si hotelini Mtwara mjini. Na walimu wao waje nao.