Mtani na Kaburi

Huulizwa mara nyingi kwa nini watu hufungamana, na jibu la haraka huwa ni mapenzi. Historia ya misafara ya bara yatupa jibu jengine.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, ambazo nyingi zilivushwa hadi hapa Unguja. Safari ilikuwa ndefu. Burton na Speke waliondoka Kaole Juni 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Mpagazi aliyeugua njiani aliugulia ugenini. Nani atampa maji? Na akifa, nani atamzika?

Wanyamwezi na Wazaramo, ambao nchi yao ilikatwa na njia hiyo, walikuwa na utani. Mtani aliweza kuingia nyumbani mwa mwenziwe, akachukua kuku na kumtukana mwenye nyumba, wala asiguswe. Aibu ilikuwa ya mwenye kukasirika. Lakini haki hiyo ilikuwa na deni lake. Mgeni aliyekuwa na mtani hakuwa mgeni tena. Na palipotokea msiba, mtani ndiye aliyeshika kazi zilizowashinda wafiwa, akimwigiza marehemu hata waliao wakacheka.

Wako wanaouona utani kuwa mzaha tu. Sikubaliani nao. Mwaka 1876 Mirambo na Stanley walichanjiana, wakawa ndugu wa damu. Undugu ule ulikuwa wa wakubwa wawili, kila mmoja akiwa na haja na mwenziwe. Hawakuonana tena, na Mirambo akafa mwaka 1884. Utani, kinyume chake, haukungoja watu wapendane wala hata wajuane. Mtoto aliurithi kwa kabila lake, na kila tusi lililovumiliwa lilikuwa kama jaribio dogo la kamba: bado inashika?

Misafara ya wapagazi katika njia hiyo ilififia reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Utani ulibaki, ukahamia mijini pamoja na watu. Hata leo, katika mazishi ya bara, huonekana mtani akishuka na kujilaza ndani ya kaburi lililo wazi, akikataa katakata kutoka mpaka apewe chake. Na wafiwa, macho yangali na machozi, huanza kupapasa mifuko.