Maswali yasiyokwisha: Hibernate, Mosoriot na Eldoret

Leo naanza na hitilafu iliyonikosesha usingizi siku tatu hapa Mugutha, kisha turudi nyuma kidogo, maana jibu lake nililikuta kwenye historia.

Zahanati moja ya karibu hutumia programu niliyoiandika kwa Java na Hibernate, ile maktaba inayooanisha vitu vya Java na majedwali ya hifadhidata. Kila baada ya wiki chache wanataka swali jipya kwenye faili la mgonjwa: leo sukari, kesho mzingo wa mkono wa mtoto. Nikaona ujanja ni dynamic-component, ambapo sifa hukaa ndani ya Map badala ya kuandikwa moja moja kwenye klasi.

Wagonjwa wa zamani walifunguka vizuri. Mgonjwa mpya, asiye na jibu hata moja, alileta NullPointerException. Kumbe Hibernate ikikuta safuwima zote za kijenzi ni tupu, hukurudishia null, si Map isiyo na kitu. Dawa ni mstari mmoja tu: kabla ya kusoma, hakikisha Map ipo.

Lakini hilo lilikuwa tatizo dogo. Hibernate husoma ramani yake mara moja, programu inapowaka. Kwa hiyo kila swali jipya lilidai safuwima mpya, faili la ramani libadilishwe, na programu izimwe iwashwe tena. Sifa hizo ni badilifu kwa jina tu! Muuguzi alichoka kunipigia simu, akarudi kwenye daftari.

Sasa historia. Mwaka 2001, mwaka uleule Gavin King alipoanza Hibernate, kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi. Mfumo ulijengwa kwa Microsoft Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Kwa kituo kimoja cha mashambani ilikuwa hatua kubwa. Mwaka huohuo vyuo hivyo vilianzisha AMPATH kupambana na VVU, na wagonjwa wakaongezeka kwa maelfu. Daktari wa VVU haishiwi maswali: dawa mpya, kipimo kipya, fomu mpya.

Februari 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walifika Eldoret kuona mfumo huo utapanuliwaje. Hawakuja mikono mitupu. Regenstrief walikuwa na mfumo wao wa rekodi tangu 1972, nao ulitumia kamusi ya dhana: swali lenyewe ni data. Wazo hilo likawa moyo wa OpenMRS, ambayo waliijenga pamoja na Hamish Fraser wa Partners In Health. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret.

Angalia jedwali lao linaloitwa obs. Halina safuwima ya sukari wala ya uzani. Lina concept_id inayotaja swali, kisha value_numeric, value_coded, value_text, value_datetime na nyingine chache za majibu. Swali jipya ni dhana mpya kwenye kamusi, na mhudumu aliyeruhusiwa anaweza kuliongeza bila kumwita mtu. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu: OpenMRS nayo hutumia Hibernate, lakini ramani ya obs haibadiliki swali linapoongezwa. Ubadilifu wote wameutoa kwenye ramani wakautia kwenye data.

Bei yake ipo, tusidanganyane. Ripoti ya maswali ishirini inaweza kuliunganisha jedwali hilohilo mara ishirini, na hifadhidata ikikua utasubiri hadi chai ipoe. Ndiyo maana watumiaji wengi wa OpenMRS huandaa majedwali bapa ya ripoti pembeni. Hata hivyo muundo umedumu. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Basi jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa nimeziacha kwenye safuwima zake, mengine yote yanahamia jedwali la majibu. Kinachonichelewesha ni uzani. Ndani ya Map niliuweka kama maandishi, kwa hiyo kuna "12", kuna "12 kg", na kuna "kumi na mbili". Muuguzi anazipitia hizo moja moja, daftari lake likiwa mkononi.