Michango Si Faida: Funzo kutoka Beardstown

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika insha hii ninataka kuonyesha kwamba hata mali iliyoandikwa kwenye kompyuta inaweza kumdanganya mwenyewe, asipojua kutenganisha faida na pesa alizoziweka kwa mkono wake. Mfano wangu ni kikundi cha wanawake wa Beardstown, mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani.

Kikundi hicho kilianzishwa mwaka 1983. Wanachama walikutana kila mwezi, wakatoa mchango, wakajadili kampuni mbalimbali na kununua hisa. Kwetu Uganda vikundi vya akiba tunavijua sana, ila vingi vyetu hukopesha wanachama. Wao walipeleka pesa katika soko la hisa. Mwaka 1994 walitoa kitabu. Kilitangaza kwamba kuanzia 1984 hadi 1993 walipata faida ya wastani wa asilimia 23.4 kwa mwaka. Watu walikinunua kwa wingi, kwani kiwango hicho kiliwapita hata mabingwa wengi wa fedha.

Mwaka 1998 jarida la Chicago lilionyesha kwamba michango ya wanachama ilikuwa imehesabiwa ndani ya faida. Kikundi kikaiita kampuni ya ukaguzi ya Price Waterhouse. Wakaguzi walipata asilimia 9.1 tu. Katika miaka hiyohiyo, faharasa ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipanda kwa wastani wa asilimia 14.9 kwa mwaka, pamoja na gawio. Kikundi kilieleza kwamba takwimu ziliingizwa vibaya katika programu ya kompyuta.

Tuchukue mfano mdogo. Mtu ameanza mwaka na hisa za shilingi 100,000, na kila mwezi ameongeza 10,000. Mwisho wa mwaka hisa zake zina thamani ya 230,000. Akitazama mwanzo na mwisho tu, atasema amepata 130,000. Lakini 120,000 zimetoka mfukoni mwake. Faida ni 10,000. Tena, pesa za Januari zimefanya kazi mwaka mzima, za Desemba siku chache tu. Ndiyo maana programu huhitaji tarehe na kiasi cha kila mchango, kila ununuzi na kila gawio. Asipoingiza hayo, programu itajumlisha bila kosa na bado itatoa jibu la uongo.

Wapo wanaodhani hadithi hii inawahusu wanawake wale peke yao. Sikubaliani nao. Asilimia 23.4 ilichapishwa, ikanukuliwa na kurudiwa kwa miaka minne kabla ya hesabu kukaguliwa hadharani. Wachapishaji, waandishi wa habari na wasomaji waliiamini kwa sababu iliwapendeza. Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kuuliza chanzo kimetoka wapi na nani alikiandika. Tarakimu nayo ni chanzo, hata ikitoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo mweka hazina wa kikundi anaposoma faida ya mwaka, swali la kwanza la mwanachama liwe hili: humo ndani, michango yetu ni kiasi gani?