Mzee Mpumbavu na Mipira Yake ya Sufu

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka nikwambie kabisa: mimi ni yaya. Kidato cha nne nimemaliza, cheti kiko ndani ya bahasha juu ya kabati, na riwaya ninayoiandika imekwama sura ya tatu. Lakini kazi inayonipa ugali ni kukaa na mapacha wa dada yangu, Kulwa na Doto, wenye miaka miwili kasoro miezi miwili. Dada anaondoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, anarudi jua likizama. Hapo katikati ni mimi, wao, chumba kimoja na ua tunaochangia na wapangaji wenzetu.

Vijana wa kijiweni wamenipachika jina la "Mama Mapacha". Wakiniona nimepiga magoti uani nasukuma kopo la maziwa kama lori, basi ni kicheko tu. Iliniuma, nisifiche. Siku moja nilimwambia dada atafute msichana wa kazi. Akanijibu taratibu, "Nitamlipa nini, mdogo wangu?"

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipokiona, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kitabu cha walimu kisicho na jalada. Humo nikakutana na mwenzangu.

Jina lake Friedrich Fröbel, Mjerumani. Mwaka 1849, akiwa na umri wa miaka 67, alikuwa Liebenstein, mji mdogo wenye chemchemi ambako matajiri walikwenda kujitibu kwa maji. Mwaka huo alifika huko mama mmoja wa ukoo wa kikabaila, Bertha von Marenholtz-Bülow, akamwuliza mwenye nyumba aliyofikia habari za mji. Akaambiwa kuna mtu amehamia karibuni, kazi yake kucheza na kurukaruka na watoto wa kijijini, na watu wanamwita mzee mpumbavu. Yule mama hakucheka. Siku chache baadaye akamkuta: mrefu, mwembamba, nywele ndefu za mvi, anaongoza kundi la watoto, wengi wao peku na wenye nguo duni, wanapanda kilima huku wakiimba.

Ukurasa ule niliusoma mara tatu. Nikajisemea, kumbe kijiwe kilikuwepo hata Ujerumani!

Fröbel alizaliwa mwaka 1782. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi tisa tu, na baba yake, mchungaji wa kanisa, hakuwa na nafasi naye. Ujana wake ulikuwa wa kubahatisha kama wetu. Alijifunza kazi ya misitu, akapima ardhi, na mwaka 1805 ndipo akaangukia ualimu. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg, alianza kazi ya watoto wadogo, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. (Sisi wenzao tukasema "shule ya vidudu". Bustani na vidudu, si unajua tena, haviachani.)

Sasa njoo kwenye vitu alivyowapa watoto, maana hapo ndipo nilipokaa kitako. Aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza, ya mtoto mchanga kabisa, ilikuwa mipira sita midogo ya sufu, yenye rangi za upinde wa mvua, kila mmoja na kamba yake. Basi! Mama anaushika mpira kwa kamba, anaubembeza mbele ya mtoto huku akisema: huo unakwenda, huo unakuja. Anauficha, halafu anautoa. Kwa Fröbel huo haukuwa upuuzi. Aliamini kwamba hapo mtoto anaanza kuelewa kuwa kitu kinaweza kuondoka machoni, kisha kikarudi. Nikiwaza kwamba aliyeyasema hayo ni mtu ambaye mama yake aliondoka asirudi, nywele zinanisimama. Kitabu hakikusema hivyo, nasema mimi.

Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya kina mama nyumbani. Vidole, ndugu yangu, havina bei.

Na unajua serikali ilimfanya nini? Agosti 1851 ufalme wa Prussia ulipiga marufuku bustani zake, eti zinafundisha ujamaa na kumkana Mungu. Inaelekea walimchanganya na mtoto wa ndugu yake, Karl Fröbel, mwenye maandishi makali. Mzee alijieleza, hakusikilizwa, akafariki Juni 1852. Marufuku ilifutwa mwaka 1860. Haikupita miaka kumi, kule Marekani kampuni ya Milton Bradley ikaanza kutengeneza zile zawadi kwa kuuza. Mpira wa uzi ukawa bidhaa dukani.

Mimi sikwenda dukani. Nilifumua sweta kuukuu la dada, jekundu, nikaviringisha uzi juu ya matambara mpaka likawa donge la ukubwa wa chungwa, nikalishona lisifumuke. Kamba nikaifanya fupi, na mchezo ukiisha naitia mfukoni, isije ikamzonga mtu shingo. Niliogopa kwa sababu. Kabla ya hapo niliwapa visoda wachezee, na Doto akatia kimoja kinywani. Nilikitoa kwa kidole. Mchana ule nilitetemeka hata chai nikaimwaga. Fundi seremala wa jirani naye akanipa mabaki ya mbao, tukayakata vipande vinane sawasawa, nikavipiga msasa. Hiyo ni zawadi ya tatu, ila ya mzee ilikaa kwenye kisanduku chake na yetu inakaa kwenye sufuria.

Shida yetu kubwa ilikuwa alfajiri. Dada akishafunga mlango, Doto analia mpaka anakauka sauti. Nikaanza kukaa naye kitandani na ule mpira. Nauingiza chini ya kanga. "Haupo." Nautoa. "Umerudi!" Siku za kwanza aliupiga kofi. Juma la pili alianza kuutafuta mwenyewe, na kilio kikapungua, ingawa hakikuisha.

Juzi jioni tulikuwa uani, vijana wa kijiweni nao wapo ukutani na maneno yao. Dada akatokea kwenye uchochoro, beseni kichwani. Doto akaangusha vipande vyake vya mbao, akamnyooshea kidole, akapiga kelele mpaka wapangaji wakatoka:

"Umerudi!"

Dada alitua beseni chini, akaniuliza nani amemfundisha mtoto kumpokea mtu hivyo.