Wamakonde wa Kwale: kuzaliwa Kenya, kuishi bila kipande

Juzi hapa saiba Ukunda, dogo mmoja wa mashine ya pembeni aliniuliza, "Kaka, kwani Wamakonde si watu wa Tanzania?" Nilimjibu haraka haraka, lakini swali likanikaa. Hili hapa jibu refu, anayetaka kuhifadhi ahifadhi.

Kwanza tuelewane. Asiye na utaifa ni mtu ambaye hakuna nchi yoyote ambayo sheria yake inamhesabu kuwa raia. Si lazima awe mkimbizi. Wengi hawajavuka mpaka hata siku moja. Kuzaliwa Kenya peke yake hakukufanyi Mkenya: Katiba ya 2010 inataka baba au mama awe raia siku unapozaliwa. Kama babu hakuandikishwa, baba hana kipande, na wewe huna. Unarithi kama shamba, ila shamba angalau unalima.

Wamakonde wa Kwale walitoka Msumbiji, tangu miaka ya 1930, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Uhuru ulipokuja 1963 walikuwa hapa hapa, wakazaa, wakapata wajukuu, na bado wakaitwa wageni. Washona wao walikuja kutoka Zimbabwe ya leo wakieneza dini, wakakaa Kiambu. Wapemba ni wavuvi, walivuka bahari wakapiga dago Kwale na Kilifi.

Sasa bila kipande inakuwaje? Laini ya simu huwezi kusajili kwa jina lako, kwa hiyo M-Pesa yako iko kwa jina la rafiki, na siku akikugeuka utamshtaki wapi? Akaunti ya benki hakuna. Mvuvi hapati leseni. Mzee wa miaka 70 anaona jirani akipokea shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, yeye jina lake haliingii.

Nilisoma na Mmakonde mmoja, hesabu alitushinda sote. Tulipotimiza 18 tukapanga foleni pamoja. Dirishani akaambiwa alete kipande cha baba. Baba hakuwa nacho. Mimi nikaenda chuo, yeye akaenda kubeba mawe mjengoni.

Sheria ya Uraia ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na utaifa walioishi humu tangu 12 Desemba 1963, lakini kwa muda maalum, na miaka mitano ya kwanza ikaisha karibu bure. Oktoba 2016 Wamakonde wakachoka. Wakatoka Kwale kwa maandamano hadi Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Desemba 2020 ikaja zamu ya Washona, na 2023 Wapemba. Kwa maoni yangu bila ile safari ya Nairobi mafaili yangekuwa yanalala mpaka leo.

Si Kenya tu. Myanmar ilitumia sheria ya uraia ya 1982 kuwaweka nje Warohingya. Jamhuri ya Dominika, mwaka 2013, mahakama ilivua uraia watu wenye asili ya Haiti, ikirudi nyuma hadi waliozaliwa 1929! Lakini Kirgizistani ilifanya kinyume. Mawakili na maofisa walifuata watu vijijini, kwingine kwa farasi, na kufikia 2019 zaidi ya watu 13,000 walikuwa wamepata uraia. Ilikuwa nchi ya kwanza kumaliza kesi zote zilizojulikana. Kumbe ni kazi ya makaratasi na nia.

Yule rafiki yangu alipata kipande 2017, siku hiyo hiyo akasajili laini. Kwenye simu yangu bado nimemhifadhi kwa jina la yule aliyekuwa akimwazima yake.

Dogo, Wamakonde wako Tanzania, wako Msumbiji, na wako Kenya. Mwenye habari za Wapemba wa Kilifi atupie hapo chini.